Nyonyo ya Mtoto: Ilianza na Kitambaa cha Sukari, Ikapitia Afyuni, Ikaishia Kwenye Komenti

Staa yeyote wa Bongo akiposti picha ya mwanae, komenti za kwanza zote zinasifia mashavu. Mtoto akiwa na nyonyo mdomoni, hali ya hewa inachafuka. Huyu anasema meno yatatoka nje. Yule anasema mtoto anameza hewa, tumbo litajaa gesi. Mwingine anaandika kwa herufi kubwa kwamba mama mvivu ndo anampa mtoto plastiki badala ya ziwa. Halafu wanatokea watetezi, eti mbona Wazungu wananyonya na hawajafa. Mpaka usiku wa manane hakuna aliyeshinda.

Kinachochekesha ni kwamba ugomvi huu haukuanzia mtandaoni. Una zaidi ya miaka mia, na walioupigania mwanzoni walikuwa madaktari wenye ndevu, siyo watu wenye bando. Na nyonyo ya leo, pamoja na yote inayosemwa, ndo mpole kuliko wote kwenye ukoo wake. Babu zake waliua.

Tuanze na mtoto mwenyewe. Mtoto anajua kunyonya kabla hajazaliwa, picha za ultrasound zinaonyesha watoto wakinyonya vidole humo humo tumboni. Akishazaliwa, kunyonya kunamtuliza hata kama hakitoki kitu. Wazazi waligundua hilo bila kuambiwa na dokta yeyote. Kule Bavaria, Ujerumani, kwenye makaburi ya watoto ya zaidi ya miaka 2500 iliyopita, vimechimbuliwa vyungu vidogo vya udongo vyenye mdomo mwembamba wa kunyonyea. Mwaka 2019 watafiti walitangaza kwamba ndani yake wamekuta mabaki ya mafuta ya maziwa ya wanyama kama ng'ombe na mbuzi. Vyungu vingine vya aina hiyo vilifinyangwa kwa umbo la mnyama, vina miguu kabisa, utadhani mwanasesere. Yaani kuna mtu alikaa chini akafikiria jinsi ya kumchekesha mtoto wakati anamlisha, na mtoto huyo akazikwa nacho.

Nyonyo yenyewe inaonekana vizuri kwenye mchoro wa mwaka 1506. Mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer alikuwa Venice, akamchora Bikira Maria na mtoto Yesu, ndege mdogo ametua kwenye mkono wa mtoto. Mkono wa pili umeshika kitu kama kifuko kidogo cha kitambaa kilichofungwa. Watu wengi wanakipita wakimwangalia ndege. Kifuko kile ndo nyonyo ya enzi hizo. Mchoro upo Berlin mpaka leo.

Kilikuwa kitambaa tu. Unachukua kipande cha shuka, unaweka mkate uliolowekwa na sukari au asali, unafunga kwa uzi, unamtumbukizia mtoto mdomoni. Sehemu nyingine ilikuwa kipande cha nyama ya mafuta. Mama au yaya angeweza kutafuna chakula kwanza ndo akakifunga. Kitambaa kilikaa mdomoni siku nzima, kikadondoka sakafuni, kikarudi mdomoni, kikachacha. Mtoto akiwa hanyamazi, kinachovywa kwenye pombe kali. Na sehemu ambazo mpopi ulilimwa, ndani zilitiwa mbegu zake. Mtoto alilala kweli. Wengine hawakuamka.

Matajiri walikuwa na mambo yao. Uingereza, kuanzia miaka ya 1600 mpaka ya 1800, mtoto wa familia yenye pesa alipewa kipande cha marijani kilichochomekwa kwenye mpini wa fedha, pembeni vimening'inia vikengele. Anang'ata marijani fizi zikiwasha, anatikisa kengele akichoka. Ila marijani haikuchaguliwa kwa ajili ya fizi peke yake. Waliamini inafukuza jicho baya. Bibi yeyote wa Pwani aliyewahi kumfunga mjukuu wake hirizi kwa sababu ya kijicho angewaelewa kabisa mabibi wale wa London.

Halafu vikaja viwanda, na hapa ndo stori inakuwa chungu.

Wanawake wa miji ya nguo Uingereza waliingia kiwandani alfajiri na kutoka usiku. Hakukuwa na likizo ya uzazi ya maana. Mtoto aliachwa kwa bibi, kwa dada yake wa miaka minane, au kwa jirani anayelea watoto kumi kwa senti. Jirani mwenye watoto kumi anataka kimya. Dawa ya kimya iliuzwa duka la kona: Godfrey's Cordial, mchanganyiko wa afyuni, maji, viungo na asali ya miwa. Afyuni hiyo ndo kasumba, neno ambalo leo watu wanalitumia kwa mawazo yaliyoganda kichwani, lakini asili yake ni hiki kileo. Mtoto mwenye afyuni tumboni halii, na pia haombi kunyonya. Anakonda kimya kimya. Kwenye cheti cha kifo iliandikwa kwamba amedhoofika, basi.

Marekani nao walikuwa na lao. Kuanzia mwaka 1849 iliuzwa Mrs. Winslow's Soothing Syrup, dawa ya mtoto anayeota meno. Matangazo yake yalikuwa mazuri ajabu: kadi za rangi na kalenda, mama mrembo amezungukwa na watoto wenye afya. Ndani ya chupa kulikuwa na morfini. Sheria ya chakula na dawa ya mwaka 1906 ililazimisha watengenezaji waandike kilichomo, na mwaka 1911 chama cha madaktari cha Marekani kikaiweka dawa hiyo kwenye orodha ya wauaji wa watoto. Pamoja na hayo, iliendelea kukaa madukani mpaka karibu 1930. Fikiria, karibu miaka ishirini baada ya kuitwa muuaji hadharani, bado watu wananunua, kwa sababu inafanya kazi: mtoto analala.

Sasa turudi kwenye mpira, maana bila mpira hakuna nyonyo ya leo. Mwaka 1844 Charles Goodyear alipata hataza ya kuupika mpira na salfa ili usiyeyuke kwenye joto wala kukatika kwenye baridi. Mwaka uliofuata Mmarekani mwingine, Elijah Pratt, akapata hataza ya chuchu ya mpira. Za mwanzo zilinuka, zilikuwa chungu, na maziwa ya moto yaliziharibu haraka. Lakini zilikuwa rahisi, na zilisambaa.

Zikazaa chupa ambayo wanahistoria wanaikumbuka kwa jina la chupa ya mauaji. Ilikuwa ya kioo, bapa, imeunganishwa na bomba refu la mpira, mwisho wa bomba kuna chuchu. Uzuri wake ni kwamba mtoto alijinyonyea mwenyewe. Mama anaiweka pembeni ya kitanda, anaendelea na kazi zake. Ubaya wake ni kwamba bomba lile halikuoshwa kwa ndani, halioshiki. Maziwa yaliganda humo, bakteria wakajenga mji. Wakati huo hata neno bakteria lilikuwa geni kwa watu wengi. Kitabu maarufu cha mambo ya nyumbani cha Mrs Beeton, cha mwaka 1861, kiliwaambia akina mama kwamba chuchu ikishafungwa kwenye chupa haina haja ya kutolewa kuoshwa kwa wiki mbili au tatu. Na kile ndo kilikuwa kitabu cha watu wanaojua! Ufaransa ilikuja kuipiga marufuku kwa sheria ya Aprili 1910. Uingereza, mwaka 1899, watoto takriban 160 kati ya kila 1000 waliozaliwa walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Siyo wote kwa sababu ya chupa, ila kuharisha kulikuwa kwenye wauaji wakubwa, hasa miezi ya joto, na chupa ile ilikuwa mlango wa kuharisha.

Jambo moja linasahaulika kila mpira unapotajwa: lazima mtu augeme. Miaka ileile ambayo watoto wa Ulaya walikuwa wanazoea chuchu za mpira, vijiji vya Kongo vilikuwa vinapangiwa kilo za mpira wa porini na watu wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na walioshindwa kufikisha walichapwa, walishikiwa wake zao, walikatwa mikono. Utawala wake binafsi ulidumu kuanzia 1885 mpaka 1908. Huku Tanganyika Wajerumani walipanda mpira wao kuzunguka Muheza na Tanga, mpaka bei ilipoanguka mwaka 1913 baada ya mpira wa mashamba ya Asia kufurika sokoni. Mpira mwingi wa wakati huo ulikwenda kwenye matairi, chuchu zilikula sehemu ndogo tu. Ila ulitoka kwenye soko lilelile.

Nyonyo kama inavyojulikana leo, yaani chuchu, kisahani cha kuzuia isimezwe na pete ya kushikia, ilisajiliwa New York mwaka 1900 na mfamasia wa Manhattan anayeitwa Meinecke. Aliiita kifariji cha mtoto. Miaka miwili baadaye zilishaingia kwenye katalogi kubwa la Sears, lile ambalo Wamarekani waliagizia kila kitu kuanzia jembe mpaka nguo za ndani. Mpira wake ulikuja mweusi, mwekundu wa damu ya mzee, na mweupe. Mweupe ndo uliopendeza zaidi, na mpira mweupe wa enzi hizo ulikuwa na risasi, ile madini ya sumu.

Watu wakaipenda, wataalamu wakaichukia. Mwaka 1914 serikali ya Marekani ilitoa kijitabu cha malezi ya mtoto mchanga, na humo nyonyo ikawekwa kwenye tabia mbaya, pamoja na kunyonya kidole. Dawa ya kidole ilikuwa kuvuta mkono wa gauni la mtoto mpaka upite vidole, kisha kuubana na pini. Sababu ya uchafu ilikuwa ya kweli kabisa, mpira ulidondoka kwenye vumbi la mtaani na kurudishwa mdomoni. Lakini kulikuwa na sababu nyingine isiyotajwa sana. Uingereza, nyonyo ilikuwa alama ya mtoto wa uswahilini. Mama wa mtaa wa matope anayefua nguo za watu akiwa na mtoto mwenye nyonyo, anaonekana mzembe. Mama mwenye yaya wawili hahitaji nyonyo, ana yaya wawili. Ukisoma komenti za leo, maneno yamebadilika lakini anayesemwa ni yuleyule, mama ambaye hana wa kumshikia mtoto.

Mambo yalianza kutengemaa taratibu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 wataalamu wawili wa meno wa Ujerumani walitengeneza chuchu bapa yenye pembe, inayojaribu kufuata umbo la ziwa linapobanwa na ulimi, ndo ikazaa nyonyo za NUK ambazo bado zipo madukani. Marekani ikaja na kanuni mwaka 1977, baada ya watoto kupaliwa na nyonyo zilizovunjika na wengine kunyongwa na kamba. Kanuni hiyo, iliyoanza kutumika Februari 1978, inataka kisahani kiwe kikubwa kiasi cha kutoweza kupita kooni, kiwe na matundu mawili ili hewa ipite hata kikikwama, na chuchu ivutwe kwa nguvu kupimwa kama inachomoka. Yale matundu mawili ambayo watu wanadhani ni urembo, ndo kazi yake hiyo.

Katikati ya hapo nyonyo ikawa staa. The Simpsons ilipoanza kurushwa kama kipindi kamili mwaka 1989, mtoto Maggie hakuwa na maneno, alikuwa na nyonyo, na mlio wake ukajulikana dunia nzima. Miaka ya 1990 vijana wa disko za usiku kucha Ulaya na Marekani wakaanza kuzivaa shingoni, watu wazima na akili zao, kwa sababu vidonge walivyokuwa wakimeza viliwafanya wasage meno. Na Denmark kuna miti ya nyonyo: mtoto akifikia umri wa kuacha, anapelekwa bustanini, anaifunga mwenyewe kwenye tawi pamoja na za wenzake, anaiaga. Wapo watu wazima wanaolia kwa sherehe ndogo zaidi ya hiyo.

Vita iliyofika mpaka Afrika ilikuwa ya chupa, na nyonyo ikaingizwa humo humo. Mwaka 1939 daktari mmoja mzaliwa wa Jamaica, Cicely Williams, aliyekuwa ameshafanya kazi Ghana na kuueleza ulimwengu ugonjwa wa kwashakoo, alisimama mbele ya mabwana wa klabu ya Rotary kule Singapore na kuwaambia kwamba kuwadanganya akina mama waache ziwa wanunue maziwa ya kopo ni mauaji. Hawakumpigia makofi sana. Ilichukua zaidi ya miaka arobaini. Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni ya kuzuia matangazo ya maziwa ya kopo, chupa na chuchu zake: nchi 118 zilisema ndiyo, moja tu ikasema hapana, nayo ni Marekani. Tanzania ikatunga kanuni zake mwaka 1994, Kenya ikapitisha sheria yake 2012. Na mwaka 1989 WHO na UNICEF walitoa hatua kumi za unyonyeshaji kwa hospitali. Ya tisa ilikataza mtoto anayenyonya asipewe nyonyo wala chuchu ya bandia. Msimamo wa manesi wengi wa wodi za wazazi huku unatoka hapo. Hoja yao ina mantiki: mtoto mchanga akitulizwa na plastiki ananyonya mara chache, na ziwa lisilonyonywa linapunguza maziwa.

Halafu sayansi ikageuka, na hapa ndo wanaogombana kwenye komenti wangeshangaa. Madaktari waliokuwa wakichunguza vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini waliona kitu wasichokitarajia: watoto waliolazwa na nyonyo walikufa kidogo zaidi. Mwaka 2005 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kikapendekeza rasmi mtoto apewe nyonyo wakati wa kulala, ila anayenyonya ziwa asubiri kwanza mwezi mmoja mpaka kunyonya kukolee. Kwa njiti, kunyonya nyonyo kumeonekana kuwasaidia kutoka hospitali mapema. Na tafiti zilizofuatilia akina mama walioamua kweli kunyonyesha hazikuona kwamba nyonyo iliwakatisha. Mwaka 2018 WHO ikalegeza ile hatua ya tisa: badala ya kukataza, ikasema mama aelimishwe kuhusu matumizi na hatari zake.

Zile hatari hazikufutwa lakini. Finland walifundisha wazazi wapunguze nyonyo, watumie wakati wa kusinzia tu, na magonjwa ya masikio kwa watoto wao yakapungua kwa asilimia 29. Kwenye meno, mtoto anayeendelea nayo akipita miaka miwili mitatu, meno ya mbele yanaanza kuacha uwazi, ya juu na ya chini hayakutani. Kwa hiyo yule wa meno yatatoka nje hakuwa muongo kabisa, amekosea umri tu. Mtoto wa miezi mitano hana hata hayo meno.

Na asali. Hii itamkuta bibi mmoja nyumbani kwako, anachovya nyonyo kwenye asali ili mjukuu aipokee. Ndo kitambaa cha mwaka 1506 kilekile, kimerudi na plastiki. Mwaka 1976 madaktari wa Marekani waligundua kwamba wapo watoto wachanga wanaolegea mwili mzima, shingo haikazi, sauti ya kulia inapotea, kwa sababu ya mbegu za bakteria wa botulizimu zinazoota kwenye utumbo wao. Sehemu moja zinakopatikana ni asali. Tumbo la mtu mzima linazishinda, la mtoto chini ya mwaka mmoja haliwezi. Bibi hana nia mbaya, lakini hapa mkatalie kwa heshima. Shikamoo kwanza, halafu unaificha chupa ya asali.

Swali la kule kiwandani Uingereza bado lipo Dar. WHO inasema mtoto anyonye ziwa peke yake miezi sita. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya malipo ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini anaruhusiwa mpaka saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Siku 84 ni chini ya miezi mitatu. Mtu anayekaa Chanika na kufanya kazi Posta, hizo saa mbili zinaishia njiani. Na huyo ni mwenye mkataba. Mama ntilie na muuza mitumba wanarudi kazini pale wanapoweza kusimama, mtoto yupo mgongoni au kwenye boksi chini ya meza, na wateja hawapendi kelele.

Huyo ndo mnunuzi mkubwa wa nyonyo za mezani Kariakoo. Zipo za bei zote, nyingine hazina jina la kiwanda wala maandishi yanayosomeka. Ukivuta chuchu kwa vidole viwili unaweza kujua mengi: ikinesa na kurudi sawa, ikianza kuachia kwenye kisahani iache hapohapo. Angalia na matundu. Pembeni ya nyonyo zinauzwa kamba za kuivisha shingoni isidondoke, za shanga, za utepe, zenye jina la mtoto. Kwenye kanuni ile ya 1978, maandishi yanayolazimishwa kukaa kwenye pakiti ni onyo moja: usiifunge shingoni mwa mtoto.